Sarufi ya ALGOL 60 na Tatizo la Tafsiri

Miongoni mwa maandiko mafupi ya karne ya 20 yanayostahili kusomwa na mtaalamu wa lugha, ingawa hayakuandikwa kwa ajili yake, imo Taarifa juu ya lugha ya ALGOL 60. Taarifa hiyo ilichapishwa Mei 1960, mhariri wake akiwa Peter Naur wa Denmark, baada ya watu 13 kutoka Ulaya na Marekani kukutana Paris mwezi wa Januari mwaka huohuo. Nia yao ilikuwa kuweka lugha moja ambayo kwayo mtu angeweza kuandika njia ya kukokotoa hesabu, watu wa nchi mbalimbali wakaisoma, na kompyuta za namna mbalimbali zikaitekeleza. Leo ALGOL 60 haitumiki ila kwa nadra sana. Hata hivyo, namna sarufi yake ilivyoandikwa imerithiwa na karibu kila lugha ya programu iliyofuata, na matatizo ya kuifasiri yamerithiwa pamoja nayo.

Taarifa hii imesifiwa sana kwa usahihi wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini aghalabu hutolewa kwa upande mmoja: husifiwa fomula zake, kana kwamba fomula hizo zajitosheleza, na maneno yaliyoandikwa kando yake ni maelezo tu ya kumsaidia mwanafunzi. Uchunguzi wa kanuni moja tu, ile ya kauli za sharti, waonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Fomula zilizoandikwa na watu stadi ziliruhusu sentensi moja kusomwa kwa njia mbili. Marekebisho yalipokuja yaliondoa utata huo kwa upande wa mashine, wala hayakuuondoa kwa upande wa binadamu. Tofauti baina ya wasomaji hao wawili ndiyo inayopaswa kuangaliwa na kila anayefasiri kanuni za namna hii, na zaidi na kila anayezitunga.

I. Fomula na maneno

Sarufi ya ALGOL 60 yaelezwa kwa alama chache. Mfano mwepesi ni fasili ya jina, yaani lile neno ambalo mwandishi wa programu hulitunga ili kukiita kitu chake:

<jina> ::= <herufi> | <jina><herufi> | <jina><tarakimu>

Alama ::= isomwe "ni", na mstari uliosimama usomwe "au". Mabano yenye pembe hulipambanua jina la kundi la kisarufi na alama zenyewe za lugha. Basi herufi peke yake ni jina. Jina likifuatwa na herufi ni jina. Na jina likifuatwa na tarakimu ni jina vilevile. Kwa kanuni hii x ni jina, na bei2 ni jina, lakini 2bei si jina, kwa kuwa hakuna njia inayoanza kwa tarakimu. Neno linalofasiliwa limo ndani ya fasili yake, na katika kamusi hilo lingehesabiwa kuwa kosa. Hapa si kosa: ndilo linalowezesha njia tatu fupi kuzaa majina yasiyo na idadi.

Mtindo huu ulipelekwa na John Backus wa Marekani katika mkutano wa Unesco uliofanyika Paris Juni 1959, na Naur akaurekebisha alama zake na kuyapa makundi majina kamili. Mwaka 1956 Noam Chomsky alikuwa amekwisha chapisha uchambuzi wake wa aina za sarufi kwa ajili ya lugha za binadamu, na mwaka 1962 Seymour Ginsburg na H. Gordon Rice walionyesha kwamba fomula za namna ya ALGOL zina uwezo uleule wa mojawapo ya aina hizo. Mwaka 1967 Peter Ingerman alipendekeza kwamba mtindo huu uitwe kwa jina la Panini pamoja na la Backus, akimkumbuka mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha asomapo Taarifa haingii katika nchi ya kigeni kabisa. Anawakuta jamaa zake wamehamia mji mwingine.

Sehemu nyingi za Taarifa zina mafungu matatu: kwanza sintaksia, yaani fomula, kisha mifano, kisha semantiki, yaani maana, iliyoelezwa kwa nathari. Mpango huu una uzito kuliko unavyoonekana. Mwanzoni kabisa Taarifa yasema kwamba maneno yaliyowekwa ndani ya mabano yamechaguliwa ili yaeleze kwa kadiri tabia ya kitu kinachotajwa, na kwamba maneno hayo yatumiwapo mahali pengine katika maandiko yarejee kwenye fasili zake za fomula. Maana yake ni kwamba nathari ya Taarifa imefungwa kwenye fomula kwa fundo la makusudi. Asomapo "kauli" katika maelezo, msomaji hana ruhusa ya kuielewa kwa mazoea. Sharti aielewe kama fomula ilivyoifasili. Waandishi wenyewe, basi, hawakukusudia fungu moja lisomwe bila ya jingine.

II. Yasiyoweza kusemwa na fomula

Haja ya kuyasoma yote mawili hudhihirika mara moja. Fomula moja ya Taarifa yasema kwamba jina la kigeu ni jina. Fomula nyingine yasema kwamba jina la utaratibu ni jina. Vilevile usemi wa hesabu huweza kuwa kigeu peke yake, au mwito wa utaratibu usiohitaji kupewa thamani yoyote. Basi neno uzito likisimama peke yake katika usemi, fomula zaruhusu lisomwe kama kigeu, yaani mahali palipohifadhiwa namba, na pia kama mwito wa utaratibu, yaani amri ya kwenda kufanya kazi fulani na kurudi na jibu. Kwa umbo hakuna tofauti. Tofauti imo katika tamko lililoandikwa juu ya programu, ambapo mwandishi alitangaza uzito ni kitu gani.

Mtu anayejua Kiswahili hawezi kushangazwa na hali hii. Neno kaa likitajwa peke yake laweza kuwa tendo, mnyama wa baharini, au kipande cha kuni kilichoungua, na yaliyotangulia ndiyo yanayoamua. Jambo la kupendeza ni kwamba ilithibitishwa kwa hoja ya hisabati, na Robert Floyd mwaka 1962, kwamba hakuna sarufi ya fomula za aina hii inayoweza kueleza ALGOL 60 kwa ukamilifu, kwa kuwa sharti la kila jina kutamkwa kabla ya kutumiwa haliwezi kuandikwa kwazo. Sharti hilo limo katika nathari. Hivyo nathari ya Taarifa haifanyi kazi ya ufafanuzi tu. Yenyewe ni sehemu ya sarufi, na anayeiruka ameiacha sheria nusu.

III. Kauli ya sharti

Maneno makuu ya ALGOL 60 yana asili ya Kiingereza, lakini Taarifa yaeleza kwamba katika lugha ya rejea kila neno kuu ni alama moja nzima, isiyohusiana na herufi zilizomo, na kwamba mashine mbalimbali zaweza kuiandika alama hiyo kwa namna zake. Kwa hiyo si kuvunja kanuni kuyaandika maneno hayo kwa Kiswahili. Chukua programu ya mweka daftari la madeni:

ikiwa deni > 0 basi kwa i := 1 hatua 1 mpaka 12 fanya ikiwa malipo[i] = 0 basi onya(i) vinginevyo fungahesabu

Kuna sharti la nje, ikiwa deni > 0, na sharti la ndani, ikiwa malipo ya mwezi fulani ni sifuri. Vinginevyo ni moja tu. Ni la sharti lipi?

Kama ni la sharti la nje, maana ni hii: mtu akiwa na deni, apitiwe miezi yote 12 na aonywe kwa kila mwezi asiolipa, akiwa hana deni, hesabu yake ifungwe. Kama ni la sharti la ndani, maana ni nyingine kabisa: mtu akiwa na deni, apitiwe miezi yote, aonywe kwa kila mwezi asiolipa, na hesabu ifungwe kwa kila mwezi aliolipa, akiwa hana deni, lisifanywe lolote. Mtu mwenye deni aliyelipa miezi 9 kati ya 12, kwa tafsiri ya kwanza ataonywa mara 3 na hesabu yake ibaki wazi. Kwa tafsiri ya pili ataonywa mara 3, na hesabu yake itafungwa mara 9 ingali ina deni. Sentensi ni ileile, herufi kwa herufi.

Yapasa kusema kwa haki kwamba waandishi wa Taarifa waliiona hatari hii. Fomula yao ilikataza kuweka sharti mara tu baada ya basi. Pale ilitakiwa kauli isiyo ya sharti. Aliyetaka kutia sharti ndani ya sharti ilimbidi alizungushie maneno mawili, anza na mwisho, kama mabano. Mlango ukawa umefungwa. Lakini katika fomula ya mwaka 1960 kauli ya kurudia, ile inayoanza kwa neno kwa, ilihesabiwa miongoni mwa kauli zisizo za sharti. Na kauli ya kurudia yenyewe iliruhusiwa kumalizika kwa kauli yoyote, hata ya sharti. Basi sharti lililokatazwa mlangoni likaingia kwa dirisha, limefichwa ndani ya kauli ya kurudia. Kila kanuni ikitazamwa peke yake haina ila. Ila yatokea zinapokutana.

Msomaji aliyekwama hapa angetazamia msaada katika fungu la semantiki, lakini hakuupata. Maelezo ya maana ya kauli za sharti yalieleza vyema mashine ifanye nini kwa kila umbo, yakichukua kwamba umbo limekwisha julikana. Jambo lililokuwa na shaka ndilo lililochukuliwa kuwa limekwisha amuliwa.

Wala haiwezekani kusema kwamba uangalifu zaidi ungetosha. Mwaka huohuo wa 1962 David Cantor alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja ambao, ukipewa fomula zozote za namna hii, utaweza daima kusema kama zina utata au hazina. Sarufi fulani yaweza kuchunguzwa na kuthibitishwa kuwa salama. Lakini chombo cha kuzipima zote hakipo, wala hakitapatikana. Kuzisoma kanuni kwa jicho la mhakiki, zikishindanishwa moja na nyingine, ni kazi ambayo haikuondolewa na fomula.

IV. Namna mbili za tiba

Tiba ya kwanza ilitolewa na waandishi wenyewe. Walikutana Roma Aprili 1962, na Taarifa iliyorekebishwa ikachapishwa mwaka 1963. Kauli ya kurudia iliondolewa katika kundi la kauli zisizo za sharti, ikapewa njia yake pekee: sharti likifuatwa na kauli ya kurudia, haliwezi kupata vinginevyo yake. Kwa kanuni hiyo sentensi ya mweka daftari ina tafsiri moja tu. Sharti la nje limenyimwa haki ya vinginevyo, kwa hiyo neno hilo halina budi kuwa la sharti la ndani.

Kazi hii ni safi. Hakuna neno la nathari lililoongezwa. Makundi yalipangwa upya tu, na utata ukatoweka. Lakini matokeo yake yatazamwe. Aliyeandika sentensi ile kwa kukusudia kwamba hesabu ifungwe pasipo na deni, hakuambiwa kwamba sentensi yake ina shaka. Ilikubaliwa, na ikapewa maana ambayo hakuikusudia. Mwaka 1966 Paul Abrahams, akiziita kauli wazi zile zinazoweza kuongezewa vinginevyo, na kauli zilizofungwa zile zisizoweza, alihoji kwamba suluhisho zilizokuwapo ama ziliacha utata ama zilibana kupita haja. Mjadala haukumalizika Roma.

Tiba ya pili ni ile ya lugha ya C, iliyowekewa kipimo cha taifa Marekani mwaka 1989 na kipimo cha dunia mwaka 1990. Fomula za C ziliachwa na utata wake. Zikitazamwa peke yake zaruhusu tafsiri zote mbili, na tena bila ya haja ya kauli ya kurudia. Kisha katika fungu la semantiki imeandikwa sentensi moja ya nathari, isemayo kwa maana kwamba vinginevyo hufuata sharti lililo karibu zaidi nyuma yake miongoni mwa yale yanayoruhusiwa na sintaksia. Java, katika kitabu chake cha kanuni cha mwaka 1996, ilirudia njia ya fomula: ililigawa kundi la kauli, ikatenga zile zisizomalizika kwa sharti lililokosa vinginevyo. Kwa ajili hiyo ilibidi kauli za kurudia, kauli zenye lebo na kauli za sharti ziandikwe mara mbili, kila moja na pacha wake.

Wako wanaoiona njia ya C kuwa ya uvivu, kwa sababu yaiacha sarufi bila kukamilika na kuita nathari ije kuiokoa. Hukumu hiyo ni kali mno. Sentensi moja iliyo wazi, ambayo mwanafunzi huikumbuka maisha yake yote, si dhaifu kuliko fomula zilizoandikwa maradufu ambazo msomaji hazitambui lengo lake mpaka aelezwe kwa nathari. Dosari haimo katika kutumia nathari. Dosari huwapo pale ambapo nathari hiyo haitangazi kwamba ni sheria, au ambapo nguvu yake haijulikani.

Kwa jambo hili kipimo cha C chatoa funzo jingine. Kati ya sintaksia na semantiki kiliongeza fungu la tatu, la vizuizi. Neno la kulazimisha, lile linalotafsirika kwa "lazima" au "sharti", hutumika katika vizuizi na nje ya vizuizi, lakini halina matokeo mamoja. Likivunjwa ndani ya vizuizi, kompaila, yaani programu inayoifasiri lugha ya C kuwa lugha ya mashine, hupaswa kumwonya mwandishi. Likivunjwa nje ya vizuizi, kipimo hakidai lolote: programu yaweza kufanya jambo lolote, na hakuna anayelaumiwa ila mwandishi wake. Neno ni lilelile, uzito wake watokana na mahali lilipowekwa. Asomaye sentensi bila ya kutazama imesimama chini ya kichwa gani amesoma maneno, hajasoma kanuni.

V. Wasomaji wawili

Kanuni za lugha ya programu zina wasomaji wawili. Mmoja ni kompaila, na mwingine ni binadamu atakayeisoma programu iliyoandikwa kwa kanuni hizo. Kompaila hutosheka akipata tafsiri moja, yoyote iwayo. Binadamu hatosheki kwa hilo. Hutaka tafsiri iliyo moja iwe ndiyo ile ambayo macho yake yaiona. Marekebisho ya 1963 na sentensi ya C vyamridhisha msomaji wa kwanza tu.

Hasara ya jambo hili si ya kubuni. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya kosa lililokuwamo katika programu yake ya mawasiliano ya siri. Chini ya sharti moja lisilozungushiwa mabano, amri ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili, mstari juu ya mstari, na ya pili imesogezwa ndani kama ya kwanza. Kwa jicho la binadamu zote mbili zilikuwa chini ya sharti. Kwa sarufi ya C sharti lilishika amri moja tu. Ya pili ilikuwa huru, ikatekelezwa kila mara, na hatua ya kuihakiki saini ya mtu wa upande wa pili ikarukwa. Mstari ule haukuwa na utata wowote wa kisarufi. Kompaila ilikuwa na tafsiri moja, na binadamu walikuwa na nyingine.

Dawa ya maradhi ya namna hii yapaswa kutafutwa katika umbo la lugha yenyewe, mahali panapoonekana. ALGOL 68 iliifunga kila kauli ya sharti kwa neno lake pekee, ambalo ni neno la kufungulia lililogeuzwa nyuma mbele. Ni kama kuifungua kwa ikiwa na kuifunga kwa awiki. Ada, iliyowekewa kipimo mwaka 1983, hufunga kwa maneno ya wazi zaidi: mwisho wa sharti ni mwisho sharti, na mwisho wa kurudia ni mwisho kurudia. Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haikubali sharti lisilo na mabano. Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikwenda njia ya kinyume: iliufanya ule usogezaji wa mistari kuwa sehemu ya sarufi, hata kile ambacho jicho hukiona ndicho ambacho mashine hukisoma. Kila njia ina gharama yake. Maneno ya kufungia hurefusha maandishi, na nafasi tupu huharibika kwa urahisi maandishi yanaponakiliwa. Lakini zote zakubaliana kwamba mipaka ya sharti haifai kuachiwa kanuni ambayo msomaji wa programu haioni.

Hapa Kiswahili kina ushahidi wake. Katika tungo nyumba ya tajiri iliyoungua, hakuna anayeuliza ni kipi kilichoungua. Na katika nyumba ya tajiri aliyefariki, hakuna anayeuliza ni nani aliyefariki. Kishazi kimefungwa kwa kiambishi cha ngeli, na kiambishi hicho chasema waziwazi kishazi ni cha jina lipi, liwe la karibu au la mbali. Lakini katika mtumishi wa tajiri aliyefariki majina yote mawili ni ya ngeli moja, na hapo msikilizaji hana budi kuuliza. Kama ni shauri la mirathi, jibu la swali hilo ni jambo kubwa. Mtu aweza kutunga kanuni kwamba kishazi hufuata jina lililo karibu, kama C ilivyofanya, na kwa kanuni hiyo shauri lingeamuliwa. Hata hivyo mwandishi mwema wa hati hangeitegemea. Angeigeuza sentensi.

ALGOL 60 ilikuwa na neno moja la kufungia mambo yote, nalo ni mwisho, kama lugha yenye ngeli moja tu. Ada ikaleta ngeli. Mlinganisho huu hauwezi kusukumwa mbali, kwa kuwa upatanisho wa Kiswahili husaidia pale tu ngeli zinapotofautiana, na neno la kufungia la Ada husaidia hata sharti likiwa ndani ya sharti, kwa sababu kila lililofunguliwa lazima lifungwe. Lakini kanuni iliyo nyuma ya yote mawili ni moja: uhusiano wa maneno uandikwe juu ya maneno yenyewe.

VI. Hukumu

Je, haifai basi kuendelea na fomula mpaka zieleze kila kitu? Jaribio hilo limekwisha fanywa. Adriaan van Wijngaarden, mmoja wa wale 13 wa mwaka 1960, alibuni sarufi ya ngazi mbili, ambayo yaweza kueleza hata sharti la majina kutamkwa, na kwayo ikaandikwa Taarifa ya ALGOL 68. Kwa uwezo ni kazi kubwa. Lakini wengi waliona kuwa ni ngumu mno kusomwa, na Desemba 1968 baadhi ya wanakamati wenzake walitoa taarifa ya wachache ya kuipinga lugha hiyo. Lugha zilizofuata zilirudi kwenye mtindo wa mwaka 1960: fomula kwa umbo, nathari kwa yaliyobaki.

Hii ndiyo sababu ya kuiheshimu Taarifa ya ALGOL 60, na si ile inayotajwa kila siku. Ubora wake haukuwa katika kuwa na fomula zisizo na ila, kwa kuwa zilikuwa na ila, na Taarifa iliyorekebishwa iliorodhesha yenyewe mambo matano ambayo waandishi hawakuweza kuyaamua. Mwaka 1967 Donald Knuth alichapisha orodha ya mambo yaliyobaki yenye mashaka, na kazi hiyo yaonyesha heshima zaidi kuliko sifa za jumla: hakuna awezaye kuorodhesha mashaka ya maandiko yasiyosema jambo kwa uhakika. Ubora wake ulikuwa katika kuzipanga kauli zake hata makosa yake yakaweza kuonyeshwa kwa kidole, kanuni kwa kanuni.

Upungufu wake ni kwamba ilimhesabu msomaji wa kanuni, ikamsahau msomaji wa programu. Mweka daftari la madeni hasomi fomula; asoma sentensi aliyoiandika mwenzake mwaka uliopita. Kwake yeye marekebisho ya mwaka 1963 hayakuleta nuru yoyote.

Wanaotunga kanuni za Kiswahili kwa mambo ya namna hii, ziwe kanuni za programu, za istilahi au za hati za sheria, wana la kuchukua hapa. Kwanza, waseme wazi fungu lipi la maandiko yao ni sheria na lipi ni maelezo. Pili, wayapime maneno ya amri. Sentensi isemayo kwamba kauli "inaweza kufuatwa" na neno fulani haisemi kama ni ruhusa au ni jambo linalotokea tu. "Inaruhusiwa" na "huenda" yapo, na kila moja lina kazi yake. Tatu, mahali ambapo kanuni mbili zakutana na kuzaa tafsiri mbili, wasiridhike kwa kuichagua moja na kuiandika katika ukurasa ambao mtumiaji hataufungua. Waibadili sentensi yenyewe, ili anayeisoma asihitaji kuuliza.